Mafuta ya Taa Yalifuata Nini Kwenye Chupa ya Soda?

Jioni, nyumba ya kupanga, ua mmoja wapangaji sita. Mama anapepea jiko la mkaa huku akimtuma mkubwa dukani. Chini ya meza, kando ya ndoo, imesimama chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa, kizibo kimelegea. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ana kiu, na chupa ya namna ile anaijua: siku ya sikukuu alinyweshwa humo.

Likitokea la kutokea, mtaa hupata mkosaji kabla mtoto hajafikishwa hospitali. "Mama yake alikuwa wapi?"

Alikuwa palepale, hatua tatu tu. Funda moja halimalizi hata sekunde tano, na hakuna mzazi mwenye macho kisogoni. La kuuliza ni jingine: mafuta yalifikaje kwenye chupa ya kinywaji? Dukani huuzwa kwa kupimiwa, mnunuzi huja na chombo chake, na chombo cha bure ni chupa tupu. Yakishaingia humo, kwa macho ya mtoto ni maji.

Afrika Kusini walilijaribu jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kaya za eneo la Gelukspan ziligawiwa vyombo vipatavyo 20,000 vyenye vifuniko vinavyomshinda mtoto kufungua. Visa vya watoto kunywa mafuta vilipungua kwa karibu nusu. Akina mama wale hawakuongezewa macho, waliongezewa vifuniko. Marekani nayo tangu 1970 ina sheria ya vifungashio vya aina hiyo kwa dawa na kemikali hatari.

Kumwangalia mtoto, basi, huanza kabla hajaamka: kidumu chenye kifuniko cha kukaza, kiwekwe juu asikofika hata akipanda stuli. Na akiwahi kunywa, asitapishwe. Mafuta yakirudi juu huweza kuingia mapafuni, na hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Akimbizwe hospitali, na chupa ichukuliwe.

Serikali inaweza kupiga marufuku kujaza mafuta kwenye chupa za vinywaji. Wakati hilo likisubiriwa, muuza duka anaweza kuanza leo jioni: "Dada, hiyo ya soda siijazi. Kalete kidumu."