Mwari na Mshipi wa Mvuvi

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza ya nyumbani. Leo tunaomba radhi tuvuke bahari hadi California, Marekani, kwa ndege aitwaye mwari wa kahawia, yule mwenye mfuko wa ngozi chini ya mdomo wake mrefu.

Mwaka 1970, katika kisiwa cha Anacapa, mamia ya mwari walijenga viota, na msimu mzima akapatikana kinda mmoja tu. Mwari huyaatamia mayai kwa nyayo zake, na mayai yale yalikuwa yakivunjika chini ya mama zao. Sumu ya wadudu, DDT, ilikuwa imemiminwa baharini, ikawaingia samaki, kisha ndege, na maganda ya mayai yakawa membamba mno. Matumizi yake yalipigwa marufuku mwaka 1972. Mwari wakaongezeka, na mwaka 2009 wakaondolewa katika orodha ya viumbe wanaokaribia kutoweka.

Sumu ilipata sheria. Kilichobaki ni kitu kidogo, nacho kwa maoni yetu ni kigumu zaidi kudhibitiwa: ndoana. Mwari huvua pale pale avuapo mwanadamu. Mshipi humviringa bawani ukakata nyama. Ndoana hupasua mfuko, na mfuko ukishapasuka samaki huponyoka, ndege akafa njaa ilhali bahari imejaa chakula.

Shirika la International Bird Rescue, lililoanzishwa mwaka 1971, huwapokea majeruhi hao. Kwanza ndege hutiwa joto na kunyweshwa kwa mpira. Upasuaji husubiri nguvu zirejee. Mwaka 2014 aliletwa mmoja ambaye mtu alimkata mfuko kwa makusudi. (Ni moyo gani huo? Hata leo hatuelewi.) Alishonwa mamia ya mishono, akazoezwa kuruka ndani ya tundu kubwa, kisha akaachiwa, pete mguuni.

Wavuvi nao huombwa jambo moja: mwari akinaswa, mshipi usikatwe, kwani ndege ataruka na uzi mrefu utakaomfunga mtini atuapo. Avutwe polepole, afunikwe taulo, mdomo ushikwe bila kufumbwa kabisa, maana matundu ya pua yake yamezibika na hupumulia kinywani. Ncha ya ndoana isukumwe hadi itokeze upande wa pili, ikatwe, ndipo kilichobaki kirudishwe nyuma taratibu.