Kle USB haikate saa za mutu

Kila mwisho wa mwezi ni wimbo ule ule. Mufanyakazi anaona fishi ya paye imepunguka saa, anaenda ku biro, wanamujibu: «Kle USB njo iliharibu, saa zilipotea mu njia.» Bandugu, tusikubali hii jibu bila kuuliza.

Saa zetu zinatoka mu mashini ya pwentaje, zinaingia mu kle, kisha mu ordinatere ya biro. Wale waliotoa USB mu 1996 walijua kama waya inaweza kukosea. Njo maana habari zinagawanywa mu paketi ndogo ndogo. Kila paketi inaanza na alama za kuamsha mashini yenye kupokea, zote mbili zifuate mwendo mumoja. Ku mwisho wa paketi ya habari kunawekwa hesabu ya biti 16, inayotoka mu zile habari zenyewe. Mwenye kupokea anafanya hesabu ile upya. Ikipatana, anajibu: nimepata. Isipopatana, ananyamaza, na paketi inatumwa tena. Ikishindikana mara tatu, kazi inasimama na kosa linatangazwa.

Ni kweli, kle inaweza kufa. Mutu akiichomoa mbele ya wakati, faili inaweza kuvunjika. Lakini waya kugeuza saa 12 kuwa saa 8, paka kwa mutu mumoja, paka siku ya yenga? Hapana. Ile hesabu inachunga njia, haichunge mikono ya watu. Saa iliyofutwa mbele ya safari itasafiri muzuri kabisa, bila kosa hata moja.

Tena kuko somo kubwa. Mu USB, kunyamaza maana yake «sijapata muzuri», na mwenye kutuma lazima arudilie. Kwetu, mufanyakazi akinyamaza, biro inaandika: amekubali.

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Pwentaje ichapwe ku karatasi mbele kle haijatoka. Delege wa sindika apate kopi. Na hakuna kitu kinafutwa mu mashini ya pwentaje mbele kila mutu hajalinganisha fishi yake na ile karatasi.

Na weye mama wa nyumbani, saidia bwana kuandika saa zake mu kaye kila siku. Mwisho wa mwezi, hesabu isipopatana, musisaini. Muombe itumwe tena.