Mshipa wa moyo si bomba la maji

Wadau, kuna kauli inanikera hapa mjini: eti mafuta ya chipsi yanaganda kwenye mishipa kama uchafu kwenye bomba, kwa hiyo kijana mwembamba hana wasiwasi. Ingekuwa hivyo, mshipa ungeziba popote. Hauzibi popote.

Mwaka 1969, Colin Caro na wenzake wa London waliandika kwenye jarida la Nature kwamba dalili za mwanzo za ugonjwa huu hujitokeza pale ambapo damu inasugua ukuta wa mshipa kwa nguvu ndogo. Yaani kwenye kona na njia panda: mshipa wa shingo unapogawanyika, au mishipa inayolisha moyo inapochepuka. Paliponyooka husalimika zaidi.

Waliozoea Kariakoo wataelewa haraka. Mtaa wa Msimbazi ukinyooka, mambo yanakwenda. Ukifika njia panda ya Uhuru, mikokoteni na bodaboda wanasukumana mbele na nyuma. Damu nayo kwenye kona inazubaa, inarudi kidogo, inasonga tena. Tofauti ni kwamba ukuta wa mshipa ni hai. Seli zake zinahisi mkondo. Mkondo ukiyumba zinalegea, lehemu inapenya, chembe nyeupe za damu zinaifuata, uvimbe unaanza ndani ya ukuta wenyewe. Unaweza kuanza ujanani, bila maumivu yoyote.

Sasa, njia panda hizo tumezaliwa nazo wote, mbeba mizigo na meneja. Kinachotutofautisha ni presha, sukari, sigara na lehemu. Mwaka 1959 Shaper na Jones waliripoti kutoka Uganda kwamba ugonjwa huu ulikuwa nadra mno kwa Waafrika, ila si kwa Waasia wa huko huko. Nadhani bado tunaishi kwa habari hiyo ya zamani! Hesabu ya kiharusi iliyofanyika Hai na Dar kati ya 2003 na 2006 ilikuta kiwango cha Dar, umri ukisawazishwa, ni karibu mara 3 ya Hai. Kiharusi si moyo, sawa, lakini presha inavipiga vyote viwili.

Tangu 2015 tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, na mishipa iliyoziba inazibuliwa hapa hapa. Safi sana. Ila huko ni mwisho wa safari. Ofisi inayomudu mashine ya kahawa inamudu ya kupimia presha, na iwekwe mapokezini. Mhariri wangu akipita hapa, ajue namsema yeye.