Waandishi wa Programu, Acheni Kuisingizia Intaneti!

Wasomaji wangu, leo sipindishi maneno. Kila programu inapokuwa nzito huku Changamwe, Kisauni au Likoni, aliyeiandika ana jibu moja tu: "Intaneti yenu mbovu, ongezeni megabiti." Mteja analipa, megabiti zinaongezwa, programu inabaki kobe vilevile. Huo ni uongo, na sisi tuliosomea kompyuta tunaujua.

Kabla ya 2009 kisingizio hicho kilikuwa na mashiko. Mawasiliano yetu na dunia yalitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na swali moja kwenda na kurudi lilikula nusu sekunde au zaidi. Mwaka huo kebo za SEACOM na TEAMS zikatua hapa hapa Mombasa. EASSy ikafuata 2010, LION2 ikaja 2012. Njia imepanuka. Kilichobaki ni umbali, na umbali haupunguzwi kwa megabiti.

Tupige hesabu. Mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Mombasa hadi London ni zaidi ya kilomita 7,000, kwa hiyo hata kebo ingenyooka kama rula, kwenda na kurudi ni milisekunde 70 na ushei. Kebo halisi zinazunguka kupitia Bahari ya Shamu, kisha kuna mitambo ya njiani. Tuseme milisekunde 150.

Sasa kuna ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, jina kapuni, ambayo hifadhidata yake iko Ulaya. Ukifungua ukurasa wa kontena moja, programu inauliza maswali 60, moja baada ya jingine, kila moja likisubiri jibu la lililotangulia. 60 mara milisekunde 150 ni sekunde 9. Wakashauriwa wanunue megabiti mara mbili. Wakanunua. Sekunde zile zile 9! Karani akifungua kurasa 100 kwa siku, dakika 15 zimeyeyuka akitazama skrini, na dereva wa lori anangoja nje.

Ni sawa na mtu wa Likoni anayevuka feri kwenda Marikiti kununua machungwa 60, akachukua moja, akarudi nalo nyumbani, kisha akavuka tena kufuata la pili. Halafu anaambiwa tatizo ni feri ndogo!

Mtanijibu kwamba mtandao nao hukatika. Kweli. Februari 2012 nanga ya meli ilikata TEAMS karibu na Mombasa, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika, tukakiona cha mtema kuni. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kupima, kwani bila vipimo utajuaje kama leo ni kebo au ni kodi yako?

Programu iandike yenyewe vitu vitatu: muda uliotumika kwenye hifadhidata, muda uliopotea njiani, na idadi ya safari za kwenda na kurudi. Pima kwenye mashine ya karani Changamwe, si ofisini kwako ambako seva iko chini ya meza. Usijifiche nyuma ya wastani. Katika maombi 100, tazama yale 5 yaliyochelewa kuliko yote. Kwenye Linux, amri ya tc pamoja na netem itakuwekea ucheleweshaji wa milisekunde 150 bure, uonje anachoonja mteja.

Kisha unganisha maswali yaende kwa safari moja. Yasiyobadilika mara kwa mara, kama orodha ya bandari, yahifadhi karibu. Usifungue muunganisho mpya kila swali. Ikiwezekana, leta seva Nairobi au hapa Mombasa.

Nanyi wateja, kabla ya kulipia megabiti zaidi, muulizeni mwandishi wa programu swali moja: ukurasa huu unavuka bahari mara ngapi? Akikosa jibu, msitoe hata senti.

Nawasilisha.