Kansa ya koo: nani anaandika mwisho wa mgonjwa?

Hapa Kawetele mvua haijakatika tangu asubuhi na umeme unakuja na kuondoka, kwa hiyo leo naandika mbiombio kabla betri haijanisaliti.

Kuna jamaa niliyesoma naye chuo, siku hizi yuko maabara Dar. Juzi kanitumia makala ya kitaalamu kuhusu kupima kiasi cha DNA ndani ya uvimbe wa saratani ya umio, hii ambayo mtaani tunaiita kansa ya koo, ili kubashiri ugonjwa utakwenda vipi. Akamalizia kwa swali: "Mwandishi, na sisi tutakuwa nayo lini?"

Swali zuri. Ila kabla sijalijibu, nieleze kipimo chenyewe, maana si uchawi. Seli ya kawaida ya binadamu ina kromosomu 46. Ikitaka kugawanyika, inaongeza DNA yake mara mbili kisha inagawana nusu kwa nusu. Seli ya saratani mara nyingi inaharibu hesabu hiyo: moja inabeba nyingi kupita kiasi, nyingine pungufu. Mtaalamu anatia rangi inayoshika DNA. DNA ikiwa nyingi rangi inakolea, na mashine inapima ukolezi huo. Mjerumani Robert Feulgen alieleza rangi ya namna hiyo mwaka 1924, kwa hiyo tusidhani tunazungumzia kitu cha jana. Njia nyingine ni kuzipitisha seli moja moja mbele ya mwanga wa leza.

Je, inabashiri kweli? Kule Seattle, Marekani, Brian Reid na wenzake waliwafuatilia watu wenye hali iitwayo Barrett, ambayo ukuta wa ndani wa umio hubadilika kutokana na asidi ya tumbo kupanda juu. Matokeo waliyotoa mwaka 2000 yanavutia. Walichukua wale ambao kwa hadubini hawakuwa na mabadiliko ya kutisha. Waliokuwa na DNA ya kawaida, hakuna hata mmoja aliyepata saratani ndani ya miaka 5. Waliokuwa na DNA iliyovurugika, makadirio yalikuwa 28 kwa kila 100.

Sasa hapo ndipo watu wengi wanaposhangilia mashine. Mimi nawashangilia zaidi wale waliopiga simu. Maana ili useme "ndani ya miaka 5", lazima kuna mtu aliyekuwa anajua kila mgonjwa yuko wapi miaka 5 yote, nani karudi, nani kahama, nani kazikwa. DNA peke yake haibashiri lolote. Inabashiri kwa sababu imelinganishwa na mwisho wa watu waliotangulia.

Na mwisho wa watu wetu umeandikwa wapi?

Tuko katika ukanda wa ugonjwa huu, ndugu zangu. Kutoka Tukuyu ukishuka Kyela hadi Kasumulu unaingia Malawi, nchi ambayo makadirio ya GLOBOCAN ya 2018 yaliiweka ya kwanza duniani kwa saratani ya umio, wanaume na wanawake. Ukanda wenyewe unapanda kupitia Tanzania na magharibi mwa Kenya hadi Ethiopia. Na aina iliyojaa huku si ile ya Seattle. Ile huanzia kwenye Barrett, ya kwetu huanzia kwenye seli bapa zinazotandika umio. Kwa hiyo ile 28 kwa 100 huwezi kuipakia kwenye basi la Mbeya ukaja kuitumia hapa.

Namfahamu mzee mmoja wa huku (jina lake nalihifadhi). Ndizi zilianza kumkwama, akapewa dawa za vidonda vya tumbo, miezi ikapita. Akahamia uji. Alipofika kwenye kipimo cha kamera, hata maji yalikuwa yanapita kwa taabu. Wanawe waliuza ng'ombe wawili na kumpeleka Dar, safari ya kilomita kama 900. Walirudi naye baada ya wiki chache, akafia nyumbani, akazikwa chini ya migomba. Kule alikotibiwa, faili lake nadhani bado linasema "hajarudi kliniki".

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kubashiri ni anasa ya wazungu, kwamba sisi tuanze kwanza na mionzi na dawa. Hapana. Mtu wa Seattle akiambiwa ugonjwa wake ni wa kasi, anabadilishiwa ratiba ya vipimo. Mtu wa Rungwe anaamua kama auze ng'ombe. Nani anahitaji ubashiri wa kweli zaidi? Familia ile iliamua gizani, na kesho nyingine itaamua gizani vilevile.

Tena nyama zetu zimeshasafiri. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa uliosoma vinasaba vya saratani hii kutoka kwa wagonjwa 552 wa nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo. Walikuwa wanatafuta alama ndani ya DNA itakayoeleza kwa nini sehemu fulani zinaumia zaidi. Wakakuta alama zinafanana, penye wagonjwa wengi na penye wachache. Kwa hiyo bado tunarudi kuulizana kuhusu maisha ya kila siku: tumbaku, pombe, chai ya moto. Kwa chai, utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa 2015 ulikuta watu wanaanza kunywa ikiwa wastani wa nyuzi 70.6, wakati vinywaji vilivyozidi 65 vimewekwa tangu 2016 kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Wanyakyusa wenzangu tunaolima chai na kuinywa ikifuka moshi, ipoe kidogo bwana.

Nirudi kwa rafiki yangu wa maabara. Jibu langu ni kwamba mashine inaweza kusubiri, daftari haliwezi. Kinyama kinachokatwa kwenye umio huhifadhiwa ndani ya nta, na tangu 1983, David Hedley na wenzake walipoonyesha njia, inajulikana kwamba DNA inaweza kupimwa kwenye vipande vya zamani vya aina hiyo. Kipande cha mwaka huu kinaweza kupimwa miaka 10 ijayo. Lakini mwaka huo hakuna atakayekumbuka kama mwenye kipande aliishi miezi mitatu au miaka mitatu, isipokuwa kama kuna aliyeandika.

Hiyo kazi haihitaji leza. Inahitaji namba ya simu ya mgonjwa na ya mtoto wake, jina la mwenyekiti wa mtaa, na mtu anayelipwa kupiga kila baada ya miezi michache na kuuliza, "Mzee anaendeleaje, anameza nini?" NIMR wana kituo hapahapa Tukuyu, wanajua kufuatilia watu vijijini. Hospitali zinazokata vinyama zinajulikana. Mshahara wa mtu mmoja wa kupiga simu unatoka kwenye fungu gani? Hilo ndilo nitakalowauliza wahusika nikipata miadi Mbeya, na majibu yao nitayaweka hapahapa.