Waulizwe Waliotawaliwa

Mwaka 1972 Serikali ilizifuta halmashauri za wilaya Tanzania Bara. Mwaka uliofuata ikazifuta na za miji. Mpango ulioshika nafasi yake uliitwa Madaraka Mikoani, na ulitayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Wataalamu wa wizara walipelekwa mikoani na wilayani, mipango ikasemwa itatungwa karibu na mwananchi, huku maamuzi yakibaki kwa maofisa walioteuliwa kutoka juu. Halmashauri za miji zilirudi mwaka 1978, baada ya mitaro kuziba, takataka kurundikana na kipindupindu kuingia. Za wilaya zilisubiri sheria za 1982, zikaanza kazi upya 1984. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere, akihojiwa, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa ni miongoni mwa mambo ambayo asingeyarudia.

Kwa wilaya, pengo hilo ni la miaka 12. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 lilipoanza, leo amevuka 70. Huyo ndiye aliyeishuhudia halmashauri ya kwanza, akahamishiwa kijiji cha ujamaa na Operesheni Vijiji, akasomba mawe ya darasa, akapanga foleni ya sukari, kisha akampigia kura diwani wa halmashauri iliyofufuka. Amepitia mifumo mitatu ya utawala bila kuhama wilaya. Hoja ya toleo hili ni fupi: anachokikumbuka mkazi huyu ni kumbukumbu ya serikali, sawa na muhtasari wa kikao, na halmashauri ina wajibu wa kuikusanya na kuitunza kama inavyotunza mihtasari yake.

Ofisi ikifutwa, masijala yake huwa yatima. Wilaya ikigawanywa, mafaili hubaki kwa halmashauri mama na halmashauri mpya huanza na rafu tupu. Tangu uhuru tumefuta, tumefufua, tumegawa na tumeunganisha mara nyingi. Dar es Salaam peke yake ilivunjiwa halmashauri mwaka 1996 na kuwekewa tume, ikapewa manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke mwaka 2000, kisha mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Jirani zetu wa Kenya walizifunga serikali za mitaa 175 mwaka 2013 ili kuzipisha kaunti 47. Kila badiliko la namna hii lina tangazo lake katika gazeti la serikali. Tangazo litakwambia halmashauri ilikoma lini. Halitakwambia mama aliyekuwa na shauri la kiwanja chake kwenye halmashauri hiyo alilipeleka wapi kesho yake.

Ngazi za chini hali ni ngumu zaidi. Mtaa au kitongoji mara nyingi hakina ofisi. Muhuri na daftari hukaa nyumbani kwa mwenyekiti. Akishindwa uchaguzi, muhuri hukabidhiwa. Daftari si lazima. Na balozi wa nyumba kumi, aliyeingia mitaani mwetu na chama cha TANU katika miaka ya 1960 na kusuluhisha ugomvi wa ndoa, kuku na mipaka kwa miongo kadhaa, kwa kawaida hakuandika chochote.

Ingekuwa vibaya kudhani kwamba kuuliza wazee ni jambo jipya katika serikali za mitaa. Serikali za mitaa za Tanganyika zilijengwa juu ya masimulizi ya wazee. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, na mwaka 1926 ikapitishwa sheria ya mamlaka za wenyeji. Ili kutawala kupitia machifu, ilibidi wajulikane machifu halali ni nani. Mabwana shauri wakatumwa kuwauliza wazee: ukoo upi ulitawala, mpaka wa chifu huyu uliishia mto gani, nani alimrithi nani. Majibu yaliandikwa katika Vitabu vya Wilaya, ambavyo wanahistoria wanavisoma hadi leo. Mzee aliyeulizwa alijua fika kwamba jibu lake lingempa mtu kiti, mshahara na uwezo wa kuwatoza wenzake kodi. Koo zilizoitwa mezani zilipata nasaba ndefu. Koo ambazo hazikuitwa zilipotea katika maandishi. Mahali ambapo hapakuwa na chifu, chifu alipatikana. Uchifu huo ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini baadhi ya mipaka iliyochorwa kutokana na majibu yale imo katika ramani zetu bado.

Wauliza maswali wa pili walikuja na nia nyingine. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam walikwenda vijijini kukusanya habari za Vita vya Maji Maji kwa walioviona na watoto wao. Gilbert Gwassa na John Iliffe wakatoa kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo, na Isaria Kimambo akaandika historia ya kisiasa ya Wapare akitegemea sana masimulizi ya wazee wa Upare. Kazi hizo zilithibitisha kuwa mdomo wa mkulima unaweza kusimama mbele ya faili la gavana na kulisahihisha. Tuangalie na hesabu ya miaka: wanafunzi wale walitanguliwa na vita kwa miaka 60 na ushei. Sisi tumetanguliwa na kufutwa kwa halmashauri kwa zaidi ya miaka 50. Walifika dakika za mwisho, na sisi tumeshaingia katika dakika hizohizo.

Kimambo aliandika pia juu ya kodi ya mbiru, na habari hiyo inatuonyesha tunachokitafuta. Katika miaka ya 1940 mamlaka ya wenyeji Upare ilianzisha kodi iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, juu ya ile ya kichwa iliyokuwa sawa kwa wote. Kwenye karatasi ilionekana ya haki: mwenye nacho atoe zaidi. Wananchi waliiona vingine, kwani mkadiriaji aliingia katika mali ya mtu na kuamua thamani yake. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka hadi makao ya wilaya pale Same na kukaa huko wakidai ifutwe, na baadaye wanawake nao wakaandamana wakidai suluhu. Mwaka 1947 mbiru iliachwa. Ukisoma upande wa ofisi pekee utaona wakaidi wasioelewa kodi ya kisasa. Ukiwasikiliza walipaji unakutana na watu waliokuwa na hoja nzito kuhusu nani ana haki ya kuhesabu ng'ombe wa mwenzake.

Geita ina habari yake pia. Mwaka 1958 wakazi walilikataa baraza la wilaya lililochanganya Waafrika, Waasia na Wazungu katika eneo ambalo karibu wote walikuwa Waafrika, wakaandamana hadi Mwanza, na wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Mafaili ya wakati ule yanaitazama habari hiyo kwa jicho la ofisa anayetafuta wachochezi. Aliyekuwa kijana katika msafara ule leo anakaribia miaka 90, kama yupo.

Wauliza maswali wa tatu bado hawajaja. Wa kwanza waliuliza nani atawale. Wa pili waliuliza nani alipigana. Hakuna aliyezunguka kwa mpango, kata kwa kata, kuuliza ilikuwaje kutawaliwa: kodi ulilipa wapi, na usipokuwa nayo ulijificha wapi? Katika kuhamia kijiji cha ujamaa, nani alikuja kukwambia, ulipewa siku ngapi, na nyumba ya zamani iliishia vipi? Sheria ya Vijiji ya 1975 ilitaka kijiji kiwe na kaya zisizopungua 250; kwenu hesabu hiyo ilitimizwaje, na nani aliunganishwa na nani bila kupenda? Mradi wa maji uliotangazwa mwaka 1971, wa kufikisha maji kwa kila mwananchi wa vijijini ifikapo 1991, mtaro wake kwenu ulichimbwa na nani, na bomba lilikauka lini? Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, walikuwepo wanaume waliokuwa wameuzoea mchezo wa kukimbia mgambo kila msimu. Hakuna muhtasari wa kikao unaoeleza njia walizopita, na njia hizo ni sehemu ya historia ya mapato ya halmashauri.

Tutaambiwa wazee husahau, huchanganya miaka, na wana visasi vyao. Yote ni kweli, na yote yana dawa. Mtu asiyekumbuka mwaka hukumbuka tukio. Muulize kama jambo lilitokea kabla ya vita vya Kagera au baada yake, wakati wa unga wa njano ulioitwa wa Yanga, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, au baada ya msiba wa Waziri Mkuu Sokoine, na tarehe itajileta yenyewe. Muombe akuonyeshe risiti ya kodi, kadi ya chama, barua ya kugawiwa shamba. Wasikilize watatu wasioelewana kabla hujamuamini mmoja. Muhtasari wa kikao nao una ulemavu wake: huandika kwamba wajumbe walikubaliana kwa kauli moja, bila kutaja nani alinuna na nani hakuja makusudi. Hatujawahi kuuchoma kwa sababu hiyo. Tunausoma kwa tahadhari, na masimulizi yanastahili tahadhari hiyohiyo.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya enzi za Cameron: jibu kufuata maslahi. Simulizi kuhusu mpaka wa kijiji linaweza kufika kwenye baraza la ardhi. Kwa hiyo pande zote mbili za mpaka zihojiwe, na maneno yao yatunzwe pamoja. Mtendaji wa kata asipewe kazi hii, hata akiwa mwema kiasi gani. Hakuna atakayemsimulia mkusanya ushuru jinsi alivyokwepa ushuru. Wapewe walimu wa historia na wanafunzi wao, maofisa utamaduni, wazee wastaafu walioaminika kwa majirani. Mzee ahojiwe kwa lugha anayoiota, iwe Kisukuma, Kihehe au Kipare, tafsiri ije baadaye. Wanawake wahojiwe peke yao, maana mbele ya mume au shemeji wengi wataitikia tu. Na anayetaka simulizi lake lifungwe mpaka afe, au mpaka aliyemtaja afe, apewe haki hiyo kwa maandishi.

Vifaa si kisingizio tena. Simu ya kawaida ya mkononi inarekodi sauti vizuri kuliko mashine walizobeba wanafunzi wa 1968. Kinachokosekana ni mahali pa kuiweka sauti hiyo ili isipotee simu ikiibwa. Sheria ya usimamizi wa kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inazigusa ofisi zote za umma, na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ipo. Nakala moja ibaki kwa familia ya msimulizi, moja kwenye kata, moja kwenye masijala ya halmashauri, moja iende kwenye Idara. Ndivyo wilaya ikigawanywa tena, na itagawanywa, kila upande utaondoka na haki yake.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa mambo ambayo mkazi hukutana nayo serikalini: kodi, ardhi, maji, shule na ugomvi wa majirani. Tumewaomba waandishi waanze na aliyepanga foleni, ndipo wamfikie aliyeketi dirishani. Msomaji atakuta masimulizi yanayopingana kuhusu tukio moja. Tumeyaacha yapingane.

Ombi letu ni kwa mabaraza ya madiwani, na ni dogo. Kila mwaka baraza hukaa kupitisha bajeti ya semina, mafuta ya magari na posho za vikao. Liongeze ajenda moja: fedha za kuwahoji wakazi waliovuka miaka 70 katika kila kata, na rafu yenye kufuli ya kuhifadhi watakachokisema. Siku kazi itakapoanza, vishawishi vitakuwa vingi vya kumtanguliza diwani mstaafu, mwenyekiti wa zamani, mtu mwenye picha ukutani akiwa na mkuu wa mkoa. Wote watafikiwa. Lakini foleni hii ianze na mlipa kodi.