Kubadilishana vituo kusiache madarasa matupu



Nataka nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalotuumiza walimu wa vijijini kwa muda mrefu, nalo ni kubadilishana vituo vya kazi. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa Kibakwe, wilayani Mpwapwa, na mengi ya haya ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Kila shule ina ratiba ya zamu. Mwalimu wa zamu hufika mapema kuliko wenzake, husimamia usafi na mstari wa asubuhi, huhakikisha kengele inagongwa kwa wakati, na mwisho wa juma huandika taarifa katika kitabu cha zamu. Mwalimu akifiwa au akiuguliwa na mtoto, humwomba mwenzake: "Nishikie zamu yangu juma hili, nami nitashika yako juma lijalo." Mwalimu Mkuu huarifiwa, majina hubadilishwa katika ratiba, na kazi huendelea. Wanafunzi hawajui hata kwamba kumetokea mabadiliko. Hakuna anayeumia kwa sababu mambo matatu yamezingatiwa: wahusika wamekubaliana kwa hiari, mkuu anajua, na nafasi haikubaki wazi.

Utaratibu kama huu unatumika hata angani. Nimesoma kwamba wahudumu wa ndani ya ndege katika mashirika makubwa ya Marekani na Ulaya hubadilishana safari kwa kompyuta. Mhudumu aliyepangiwa safari siku ya harusi ya ndugu yake huitangaza safari hiyo mahali ambapo wenzake wote wanaiona. Anayeitaka huichukua, au hutoa ya kwake kwa kubadilishana. Lakini kabla ya kukubaliwa, huangaliwa kama anayeichukua amefundishwa aina hiyo ya ndege na kama atakuwa amepumzika vya kutosha. Huko Marekani, mwezi Oktoba 2022 mamlaka ya usafiri wa anga ilitoa kanuni kwamba mhudumu apate mapumziko ya saa 10 mfululizo baada ya zamu ya saa 14 au pungufu, ambapo zamani zilikuwa saa 9. Mapumziko hayo si kitu cha kuuziana wala kupeana.

Jambo jingine lililonigusa ni hili. Kanuni za nchi nyingi zinataka mhudumu mmoja kwa kila viti 50 vya abiria. Wahudumu wakipungua chini ya kiwango, ndege hairuki na abiria wake wote hadi apatikane mwingine. Katika shule zetu za msingi kipimo kinachotajwa sana ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Je, mwalimu akipungua, shule hairuki? La hasha! Shule inaruka hivyo hivyo. Mwalimu aliyebaki anaunganisha madarasa mawili, anaandika mazoezi ubaoni upande huu na kukimbilia upande wa pili, na mwisho wa mwaka anaulizwa kwa nini watoto wa darasa la pili hawajui kusoma.

Sasa nirudi kwenye vituo. Kwa wasomaji wasiokuwa watumishi, nieleze kwamba mwalimu anaweza kuomba kuhama kwa kubadilishana na mwenzake wa wilaya nyingine. Wa huku anakwenda kule, na wa kule anakuja huku. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya haki kuliko zote za uhamisho wa kuomba mwenyewe. Anayehama kwa maombi yake halipwi gharama za uhamisho, hivyo Serikali haitoi fedha kwa kazi hiyo, na idadi ya walimu haipungui mahali popote. Mwezi Februari 2023 tuliona mawaziri wawili wakibadilishana wizara kwa siku moja, na mmoja wao alikuwa Ndugu George Simbachawene, Mbunge wa Kibakwe wakati huo, ambaye alikwenda kushika Utumishi. Hapakuwa na wizara iliyobaki bila waziri ikisubiri barua. Kama jambo hilo linawezekana kwa wizara, litashindikanaje kwa darasa la pili?

Hata hivyo kwetu sisi mambo hayaendi hivyo. Nitatoa mfano mmoja. Tulikuwa na mwalimu mwenzetu, mama mwenye watoto wawili, ambaye mume wake anafanya kazi mkoani Kagera. Alifundisha hapa miaka sita, na darasa la kwanza lilikuwa lake. Watoto walikuwa wanamfuata hadi nyumbani. Alitafuta mwenza wa kubadilishana naye kwa muda wa miaka miwili. Aliandika vikaratasi na kuvibandika katika ofisi za mjini kila alipokwenda kufuatilia mambo yake, na aliomba katika makundi ya simu. Hatimaye alimpata mwalimu wa kule ambaye ni mzaliwa wa huku kwetu, na ambaye alitaka kurudi kumwuguza baba yake mzee. Unaweza kufikiri mambo yalikwisha. Wapi! Halmashauri moja ilikubali, nyingine ikakaa kimya. Haikusema ndiyo wala hapana. Miezi ikapita. Yule mwenza alipochoka kusubiri alipata njia nyingine ya kuhamia mahali pengine kabisa. Mwishowe mama yule naye aliruhusiwa kuhama kwa kumfuata mume, jambo ambalo ni haki yake na sisi tulimwombea heri. Lakini nafasi yake ilibaki tupu mwaka mzima. Darasa lake nilipewa mimi juu ya madarasa yangu.

Ninaandika haya bila kumlaumu dada yetu huyo. Ninalolalamikia ni kwamba walikuwepo watu wawili waliotakana vituo, shule mbili ambazo hazingepungukiwa kitu, na bado watoto wetu wakakosa mwalimu. Huo ni uzembe wa utaratibu.

Halafu kuna jambo la aibu. Mahali ambapo watu hawaonani, hapo ndipo dalali anapopata riziki. Niliwahi kupigiwa simu na mtu nisiyemfahamu akiniambia kwamba anaye mwalimu wa mjini aliye tayari kubadilishana nami, ila nitume kwanza "fedha ya kumtafuta." Nilipomwuliza jina la mwalimu huyo na shule yake alikata simu. Mimi nilinusurika, lakini nawajua wenzangu waliotuma mishahara yao na hawakumwona mwalimu wala dalali. Kituo cha kazi ni mali ya umma. Hakiuzwi kama gunia la karanga gulioni.

Najua yapo mafanikio, na ni vizuri kuyataja. Siku hizi mtumishi anaingiza maombi yake ya uhamisho katika mfumo wa kompyuta wa ESS bila kupanda basi na bahasha mkononi. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini kuingiza maombi ni jambo moja na kumpata mwenza ni jambo jingine.

Wapo watakaouliza: Ni mwalimu gani wa mjini atakayekubali kuja Kibakwe? Swali hili ni la kweli na sitalikwepa. Anayetaka kubadilishana lazima awe na kitu ambacho mwenzake anakitaka. Mwenye kituo karibu na lami, umeme na hospitali ana mali mkononi. Mwenye kituo ng'ambo ya korongo linalofurika masika hana cha kutoa. Tukiacha mambo yaende kama soko tu, wa mjini watabadilishana na wa mjini, na wa kijijini watabaki wakitazama. Ndivyo ilivyo hata katika zamu. Mkubwa hukwepa zamu ya sikukuu na mgeni wa kazi huibeba, naye hukubali kwa kuogopa, kisha tunasema wamekubaliana kwa hiari.

Lakini si kweli kwamba Kibakwe haitakiwi na mtu. Wapo watoto wa huku, waliozaliwa chini ya milima hii, wanaofundisha Kigoma, Mtwara na kwingineko. Wana wazazi wazee hapa, wana mashamba ya mahindi na karanga, na wanatamani kurudi. Na hapa wapo wa Kigoma na Mtwara wanaotamani kwao. Tatizo ni kwamba hawajuani. Mara nyingine hata watu wawili hawatoshi. Wa Kibakwe anataka Bukoba, wa Bukoba anataka Mbeya, na wa Mbeya anataka Mpwapwa. Watu hao watatu wakizunguka, kila mmoja anafika anakotaka. Kwa vikaratasi vya ukutani hawatapatana hata miaka kumi. Kwa kompyuta ni kazi ndogo.

Kwa hiyo natoa rai zifuatazo kwa TAMISEMI, Utumishi na wakurugenzi wa halmashauri.

Kwanza, pawe na orodha moja ya wazi ya walimu wanaotaka kubadilishana, inayoonyesha wilaya aliyopo mtu, anakotaka kwenda, ngazi ya shule na somo lake, ambayo hata mwalimu wa kijijini ataiona kwa simu yake bila kumlipa mtu. Wanaofaa kuzunguka watatu au wanne waunganishwe.

Pili, wanaobadilishana walingane kwa kazi. Mwalimu aliyezoea darasa la kwanza asibadilishwe na asiyewahi kushika mkono wa mtoto kumfundisha kuandika herufi "a".

Tatu, halmashauri ipewe muda maalumu wa kujibu, na ikikataa itoe sababu kwa maandishi. Kukaa kimya si jibu.

Nne, kuhama kufanyike mwisho wa mwaka wa masomo, na wote waripoti kwa pamoja. Asiondoke mmoja kabla mwenzake hajafika. Watoto wasilipie furaha ya watu wazima.

Tano, miaka ya kufanya kazi katika vituo vigumu ihesabiwe. Aliyekaa miaka minane mahali pasipo nyumba ya mwalimu atangulie mbele ya aliyekaa mwaka mmoja kando ya lami. Na vituo visivyopata mtu hata baada ya orodha kuwekwa wazi, hapo Serikali itakuwa imeonyeshwa kwa kidole ni wapi pajengwe nyumba na pafikishwe maji. Orodha hiyo itasema ukweli kuliko taarifa nyingi.

Mimi mwenyewe sasa siombi kuhama. Nimeoa huku, nimelima huku, na watoto ninaowafundisha ni wa majirani zangu. Naandika kwa sababu kila Januari najiuliza ni nani ataondoka na darasa gani litabaki bila mwalimu. Abiria wa ndege wanalindwa na kanuni wasiruke bila wahudumu wa kutosha. Mtoto wa Kibakwe naye ni abiria, na safari yake ni ya miaka mingi. Tafadhali viongozi wetu, asifungiwe mlango ndani bila mhudumu.

Mwalimu wa Kijijini,
Kibakwe, Mpwapwa.